Mguu wa Kumi na Mbili

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Hesabu ya kwanza ni ya muuzaji, ili aone kwamba nina macho. Ya pili ni yangu mwenyewe, naifanya nikiwa nimeshaondoka, pale ambapo hakuna wa kuniharakisha. Nilivuka mpaka kutoka Kongo na mkoba mmoja na tabia hiyo, na kwa miaka yote niliyoishi Kampala nimebadilisha mkoba mara tatu, tabia sijaibadilisha hata mara moja. Imeniokoa mara nyingi. Lakini mara moja ilitufungia ndani watu watatu, ng'ombe mmoja na nguruwe wanane.

Tuliishi, na bado tunaishi, kwenye kiwanja kimoja juu ya Ggaba, pale mteremko unapoanza kushuka kuelekea ziwani. Geti ni moja. Mwenye kiwanja ni mzee, askari mstaafu, ambaye alinipa chumba bila maswali mengi kwa sababu alikuwa ametamani kwa muda mrefu mtu wa kuzungumza naye Kiswahili cha kambini. Mimi nilimwita afande. Yeye aliniita Mukongo, kana kwamba Wakongo wote wamekwisha, nimebaki mimi peke yangu. Chumba cha pili kilikuwa cha dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa supamaketi kule Ntinda, aliyeondoka alfajiri na kurudi jioni akiulaani msongamano wa magari wa siku nzima. Hakufuga kitu chochote. Alisema amezaliwa na kukulia kwa wafugaji, na hiyo inatosha.

Juu, karibu na nyumba yake, afande alikuwa na ng'ombe wa maziwa, mweusi mwenye mabaka meupe, wa kulishwa bandani. Walipostaafu, wenzake walinunua pikipiki, wengine walinunua mke wa pili. Yeye alimnunua huyo akiwa bado mtamba, akamjengea banda lenye sakafu ya saruji kabla hajajijengea choo kipya. Ndama wa kwanza alikuwa dume. Wa pili dume. Wakati wa mambo haya ng'ombe alikuwa na mimba ya miezi saba, na afande alikuwa anangoja jike. Hakuwa na kitu kingine anachokingoja duniani, nadhani. Jioni aliweka kiganja ubavuni mwa ng'ombe, akamsikiliza ndama akipiga teke, na katika dakika hizo hukumsemesha.

Banda langu la nguruwe lilikuwa chini kabisa, hatua arobaini na moja kutoka getini. Jike mmoja aliyekuwa ananyonyesha, mabarobaro wawili wa kunenepesha, na watoto saba. Upepo wa ziwa huanza kupanda mteremko mchana, unapita kwangu kwanza, halafu kwa afande. Afande aliulalamikia upepo huo kwa sababu ya harufu tu. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba upepo unaweza kubeba kitu kisicho na harufu.

Nguruwe wangu walikula makombo ya baa za Kabalagala. Ukifika pale asubuhi, viti bado viko juu ya meza, mtu anafagia vizibo vya chupa, na nyuma ya kila baa kuna ndoo za matoke, wali, chipsi na mifupa, vyote vikingoja mtu wa kuviondoa. Wenye baa wanajifanya wanakuuzia chakula. Wewe unajifanya unawasaidia kutupa takataka. Katikati ya uongo huo mnakubaliana.

Na mkishakubaliana, bado. Katika mji huu hakuna ununuzi unaokwisha bila nyongeza. Ukinunua nyanya, muuzaji akishafunga mfuko anakutupia moja juu. Asipotupa, husemi kitu, unasimama tu na kumtazama mpaka aone haya. Kule kwetu tulikuwa na desturi hiyo kwa kiasi. Hapa Kampala niliimalizia masomo. Nimewahi kupewa nyongeza na mtu niliyemwomba njia.

Kulikuwa na mchoma mbuzi mmoja pale Kabalagala, mnene, mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani. Wiki hizo ilikuwa imetangazwa kwamba mifugo isitolewe katika wilaya kadhaa za wafugaji, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Nyama ya mbuzi ikapanda bei kila mahali, kwake ikabaki pale pale. Nilimuuliza mbuzi wake wanapita wapi. Akasema mbuzi hawasomi matangazo. Nikacheka, kisha nikalitumia jibu lake hilo kupunguza bei ya ndoo zangu, maana mtu anayeficha kitu habishani sana.

Jumanne moja nilichukua ndoo nne, nikasimama, nikamtazama. Mama aliyekuwa akichukua vichwa na miguu kwa ajili ya supu hakuja siku hiyo. Mchoma mbuzi akanipa mfuko wote: mbuzi watatu, alisema, vichwa na miguu. Nilihesabu mbele yake harakaharaka, nikaona ni sawa, nikapanda boda. Tulipofika Kansanga nikamwambia mtu wa boda asimame kando, nikafungua mfuko. Vichwa vitatu. Miguu kumi na moja.

Mtu mwingine angeendelea na safari yake. Kitu chenyewe ni cha bure, ni mguu wa mbuzi, hauna nyama ya kujaza kijiko. Mimi niligeuza boda.

"Mbuzi watatu, miguu kumi na moja," nilimwambia. "Mmoja alikuja akirukaruka?"

Alicheka, lakini hakutazama juu. "Huyo mmoja alikuwa anachechemea kweli, ssebo. Ule mguu una kidonda, nimeutupa."

"Nguruwe hawachagui."

Akainama chini ya meza, akautafuta, akautia kwenye ule mfuko wa vichwa. Katikati ya kwato palikuwa pamechubuka, pekundu, padogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Niliona. Sitasema sikuona. Niliona, na nilichofikiri ni kwamba sasa ni kumi na mbili.

Makombo nilikuwa nachemsha siku zote. Kila mfugaji wa nguruwe anajua kwamba makombo mabichi ni hatari, hata asiyejua sababu. Lakini siku hiyo, kwa ajili ya kurudi Kabalagala, nilifika nyumbani jua limeshapanda na nguruwe wanapiga kelele za kuvunja banda. Niliweka sufuria motoni. Na ili wanyamaze wakati chakula kinachemka, niliwarushia vichwa na miguu vivyo hivyo, vibichi, kama unavyompa mtoto kipande cha muwa.

Siku ya tano jike akaanza kuchechemea. Nilitafuta msumari kwenye sakafu yote, sikuupata, nikajiambia umezama matopeni. Siku ya sita akatoka malengelenge juu ya pua. Siku ya saba asubuhi nilikuta watoto wawili wamekufa, wanene, hawana alama yoyote, wamelala kama walioshiba. Nilihesabu waliobaki. Wanane, mkubwa kwa mdogo. Nikahesabu tena, na safari hii hesabu ya pili haikunisaidia kitu.

Sikumwambia mtu. Habari ikitoka kwamba nguruwe wako wanaumwa, hakuna mnunuzi atakayesimama mlangoni kwako mwaka mzima. Wale wawili niliwazika nyuma ya migomba. Afande aliponiuliza mbona nguruwe wako kimya siku hizi, nikasema wameshiba.

Siku ya kumi, ng'ombe akagoma kula.

Nilimwona nikiwa njiani kwenda bombani. Udenda ulikuwa unamtoka mdomoni mrefu kama uzi wa sindano, unafika sakafuni bila kukatika, naye anapiga midomo kama mtu anayeonja mchuzi. Afande alikuwa amesimama mbele yake na konzi ya majani mabichi mkononi, anambembeleza kwa lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa binadamu.

Daktari wa mifugo alifika mchana huo huo, mama wa makamo, mkali kidogo. Alisafisha buti zake kabla ya kuingia getini. Alimfungua ng'ombe kinywa, akavuta ulimi, na ngozi ya juu ikabanduka, ikambakia mkononi kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Nyama nyekundu ikabaki chini. Akatazama kwato, akatazama chuchu. Halafu akauliza ni nani mwingine anayefuga hapa.

Tulishuka naye mpaka kwangu. Hakuchukua muda mrefu. Akasimama kati ya mabanda mawili, akageuka uso kuelekea ziwani, upepo ukapeperusha koti lake. Alituelezea taratibu, kama mtu aliyezoea kutosikilizwa. Kirusi cha miguu na midomo ni kimoja, alisema, lakini kila mnyama anakipokea kivyake. Mbuzi na kondoo wanaweza kukibeba bila kuonyesha, labda kuchechemea siku mbili tatu, na mwenye macho ya haraka haoni. Nguruwe wanakipata zaidi kwa kula. Kikishaingia ndani yao, wanakitoa kwa pumzi, kwa wingi kuliko mnyama mwingine yeyote hapa. Ng'ombe hahitaji kula chochote, inatosha apumue. Na sisi wenyewe hatuugui, ila tunakisafirisha kwa viatu, kwa mikono, kwa ndoo.

"Wanakula nini hawa?" akaniuliza.

Nikasema makombo. Akauliza kama nachemsha. Nikasema huwa nachemsha, na ilikuwa kweli, siku zote isipokuwa moja. Aliniangalia kidogo, akaandika.

Afande aliuliza swali moja tu: na ndama? Daktari akasema kwamba ng'ombe mkubwa huwa hafi, lakini homa ikipanda sana mimba inaweza kutoka. Tungoje.

Amri ya daktari ilikuwa hii: mnyama asitoke, maziwa yasitoke, mbolea isitoke, na mimi nisiende kwenye banda lingine la nguruwe wala mahali pa nyama, mpaka yeye aseme. Getini tuweke karai lenye maji ya magadi ya kukanyagia. Afande aliipokea amri hiyo na kuiboresha. Alileta kufuli kubwa kutoka uvunguni mwa kitanda, akafunga geti, akauning'iniza ufunguo shingoni. Kwa maneno yake, hapana toka mutu.

Dada Mkenya aliporudi kutoka kazini alikuta kufuli. Walibishana kupitia uwazi wa geti kwa muda mrefu. Mwishowe akaruhusiwa kuingia na kutoka kwa masharti: akanyage karai, kiatu cha kulia, kiatu cha kushoto, na viatu vya kazini avibebe kwenye mfuko. Alikaa kwenye ngazi akifuta miguu.

"Jirani, mimi sina hata kuku," aliniambia. "Kifungo ni chenu, mbona natumikia mimi?"

Nikamwambia angalau yeye ana likizo ya kwenda kazini.

Mimi sikuwa nayo. Nilijua kiwanja kile kina ukubwa gani, lakini kujua na kufungiwa ni mambo mawili. Kutoka getini mpaka kwa nguruwe hatua arobaini na moja. Siku ya tatu ya kufungiwa nilipata arobaini, kwa sababu nilikuwa na hasira na hatua zilikuwa ndefu. Kutoka banda moja hadi jingine, kumi na nane. Kutoka mlangoni kwangu mpaka uso wa ng'ombe, ishirini na tatu, na hizo ndizo zilizonishinda, kwa sababu kila nikifungua mlango nilikuwa naangaliana naye. Watoto wa nguruwe walikufa wengine watatu. Wakabaki watano wote kwa jumla. Ile pumzi yao bado ilikuwa inapanda kila mchana, na nilikuwa nasimama katikati nikiwa na wazo la kijinga kwamba mwili wangu unaweza kuuzuia upepo.

Na afande alikuwa anachunguza. Alikuwa na daftari. Aliuliza nani aliingia, lini, na nini mkononi. Siku ya tano ya karantini akapata mtu wake: mzee mmoja wa baiskeli, aliyemletea majani ya ng'ombe kila asubuhi kwa miaka sita. Majani yake, afande aliamua, yalikatwa mahali ambapo mbuzi wa watu wanapita. Mzee alipokuja na mzigo wake afande alimwambia kupitia geti kwamba ameleta kifo, asirudi tena, na kwamba atawaambia wenye ng'ombe wote wa mteremko ule. Yule mzee hakubisha. Alisimama akiwa ameshika usukani, majani yamefunika baiskeli mpaka huoni magurudumu, akauliza tu ng'ombe anaendeleaje. Afande akampa mgongo. Akageuza baiskeli. Mimi nilikuwa kwenye bomba, ndoo imejaa na maji yanamwagika, sijafunga.

Ulimi ukiwa na vidonda, ng'ombe hawezi kutafuna. Tulimlisha maganda ya matoke yaliyochemshwa na kupondwa, na uji wa mahindi aliopika dada Mkenya kabla ya kwenda kazini, kwenye sufuria yake mwenyewe, akisema mbele ya sote kwamba hatapikia tena sufuria ile na tumhesabie deni lake. Mara tatu kwa siku afande alimwosha kinywa kwa maji ya chumvi. Kazi hiyo inahitaji watu wawili, mmoja wa kushika kichwa. Aliyekuwa na nafasi ni mimi.

Siku hiyo ya mzee wa majani, mchana, nilikuwa nimekumbatia kichwa cha ng'ombe, taya lake begani mwangu, udenda unashuka ndani ya shati. Ni mnyama mzito, na alikuwa na joto kama sufuria. Afande alikuwa na kibuyu cha maji ya chumvi. Nilisema bila kupanga.

"Afande, si mtu wa majani."

"Wewe najua nini?"

"Ni mimi. Niliwapa nguruwe mguu wa mbuzi, mbichi, una kidonda."

Aliendelea kumimina. Maji yalikuwa yanatoka upande wa pili yakiwa na rangi ya waridi.

"Nani iliuza wewe hiyo mguu?"

"Hakuuza. Ilikuwa nyongeza."

"Yeye mwenyewe ilitoa?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Nusu ya ukweli ilikuwa imeshatoka, na ilikuwa nusu ya kutosha, ya kumtwisha mtu wa Kabalagala. Ng'ombe alishusha pumzi shingoni kwangu.

"Hapana. Alikuwa ameutupa. Nilihesabu nikiwa Kansanga, nikakuta haupo, nikarudi kuudai."

Kibuyu kilisimama hewani. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayetafuta kwenye daftari ukurasa ambao hakuuandika.

"Na boda?"

"Na boda."

"Juu ya mguu moja."

"Juu ya mguu mmoja, afande."

"Shika kichwa," akasema, na akaendelea kumimina.

Jioni nilimuuliza nihame lini. Akagusa ufunguo shingoni, akasema karantini haijakwisha, mutu hapana toka. Ndipo nilipoelewa kwamba hata kunifukuza hawezi, kwamba amefungiwa na mimi kama nilivyofungiwa na yeye. Asubuhi alimtuma dada Mkenya amtafute mzee wa majani. Alipofika getini, afande aliniita, akanisimamisha mbele ya uwazi.

"Wewe tasema," aliniambia. "Mimi nasikia."

Nikasema, yote, mpaka Kansanga. Mzee wa majani alisikiliza akikuna kidevu. Akauliza kama ng'ombe ameanza kutafuna. Afande akamjibu kwamba kidogo. Hakumwomba radhi. Alimwagiza mizigo miwili kwa siku badala ya mmoja, ya kushushwa nje ya geti. Daktari naye nilimwambia alipokuja. Hakunigombeza. Aliuliza kama kuna kichwa au mguu uliobaki popote, na akaniuliza vizuri kuhusu yule mchoma mbuzi na anakopata mbuzi, akaandika kurasa mbili.

Tulikaa hivyo wiki baada ya wiki. Ng'ombe alianza kutafuna. Nguruwe jike aliota kwato mpya chini ya zile zilizobambuka. Kila asubuhi afande aliweka kiganja ubavuni mwa ng'ombe, na mimi kwa mbali nilitazama uso wake kujua kama ndama amepiga teke. Kuna asubuhi mbili ambazo kiganja kilikaa sana. Nilihesabu ukuta, matofali, mistari.

Daktari alipoondoa karantini, afande alifungua kufuli mbele yetu. Dada Mkenya alivaa viatu vyake vya kazini akiwa ndani ya kiwanja, akatembea navyo mpaka getini na kurudi, bila sababu. Mimi nilikuwa nimeshafunga mkoba. Afande aliuona mlangoni.

"Mpaka yeye nazaa," akasema. "Halafu tutaona."

Akazaa mwezi uliofuata, asubuhi, ndama mdogo mwenye miguu iliyotetemeka sana kabla ya kusimama. Nilikuwa nimevuta pamoja na afande, tumeloa wote wawili. Niliangalia chini ya mkia. Niliangalia tena.

"Dume," nikasema.

Alinitazama kana kwamba na hilo nalo lilitoka Kabalagala.

Ng'ombe hakurudi kuwa yule wa zamani. Manyoya yamekuwa marefu, mchana wa jua anahema kama aliyepanda kilima, na chuchu moja kati ya nne imekufa. Kuhusu mkoba wangu hatujazungumza tena. Geti liko wazi mchana kutwa, na nimewahi kwenda kutazama vyumba sehemu nyingine, vizuri tu. Ila kila mara narudi kabla ya saa ya kumwogesha ng'ombe maji ya kupunguza joto, kwa sababu kazi hiyo inahitaji watu wawili.

Asubuhi afande anauza maziwa getini. Anapima kwa kikombe cha bati, na kila mnunuzi akishamiminiwa anaongezewa kidogo juu, dada Mkenya, mzee wa majani, hata wapita njia. Kwangu anajaza kikombe mpaka ukingoni, anakitazama, anamimina, anausimamisha mkono. Mimi nami nasimama kidogo, kwa mazoea ya mji huu, nikimtazama. Hatingishiki.

Nachukua chombo changu naenda. Nikifika ndani napima tena. Maziwa ni sawasawa, hayajapungua hata tone.